Priska Atafakari Korona

Vyuo vilipofungwa mwezi Machi kwa ajili ya korona, Priska, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sosholojia, alirudi kwao Kibosho na begi la nguo na wazo moja kubwa. Wenzake wangelala mpaka saa nne, yeye angetafakari. Kila siku angeweka kwenye status ya WhatsApp maneno machache mazito kuhusu maisha ya binadamu wakati wa janga, ili chuo kikifunguliwa watu wajue nani alikuwa na akili.

Shida ni kwamba ng'ombe hawali tafakuri. Wanataka majani. Na mama yake, mjane aliyeuza mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwenye banda nyuma ya nyumba, hakuona tofauti kati ya mtu anayetafakari na mtu aliyekaa tu.

"Ukimaliza hiyo simu," alisema, "kuna ulezi unasubiri kusagwa."

Basi Priska akaandika kuhusu upweke huku kilabu cha mama kimejaa wateja tangu mchana. Siku moja aliwaona wazee kwenye benchi wakipokezana kata moja ya mbege, mdomo kwa mdomo. Akapiga picha, akaandika: "Dunia nzima inakaa mbali mbali. Sisi tunabadilishana mate. Je, mila ni kinga au ni kaburi?" Hakuna status yake iliyowahi kutazamwa vile. Hata mhadhiri mmoja alimtumia kidole gumba.

Mwingine aliyeitazama ni Melkior, baba yake mkubwa, mfanyabiashara wa Dar.

Melkior alizoea kuonekana Kibosho Desemba tu, na gari kubwa na mbuzi wa kuchinja. Mwaka ule alikuja Aprili na mke na watoto, akiukimbia ugonjwa, akajifungia kwenye jumba ambalo mwaka mzima hukaliwa na mlinzi na popo. Getini aliweka ndoo ya maji, sabuni, na kamba ya kuonyesha mwisho wa kusimama. Ndizi na maziwa vilipokelewa, waliovileta hawakupokelewa. Mama yake mzazi alimsalimia kutoka nyuma ya kamba, kama aliyekwenda kumwona mfungwa. Kwamba aliyetoka kwenye ugonjwa ni yeye, na hao aliowazuia hawakuwa wamevuka hata Moshi mjini tangu Krismasi, lilikuwa jambo ambalo adabu haikuruhusu kulitaja.

Priska alipopeleka maziwa, baba mkubwa alikuwa barazani.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Simama hapo hapo! Ile picha yako safi sana. Ndiyo faida ya kusomesha watoto. Nimemwonyesha mtendaji wa kijiji, kesho anakuja kufunga kilabu."

"Kilabu gani?"

"Si hicho chenu."

Priska alirudi nyumbani akilifikiria hilo neno kusomesha. Kilichomsomesha yeye ni mbege.

Mtendaji alikuja na kufuli, barakoa ikiwa kidevuni. Pipa zima likaishia kwa nguruwe, ambao jioni ile walikuwa wachangamfu kuliko mtu yeyote pale nyumbani. Mama hakugomba.

"Umeandika vizuri, mwanangu," alisema akikosha pipa. "Sasa andika nyingine, uniambie ada yako itatoka wapi."

Lakini Melkior alikuwa akiijua Kibosho ya Desemba tu. Ya Aprili ina mvua, baridi na barabara iliyogeuka uji. Mkewe alipochoka na ukungu, wakapakia mizigo wahamie hoteli mjini. Hawakufika mbali. Gari likateleza, likakaa kwenye mtaro kando ya mibuni. Melkior akapiga honi. Wakaja wateja wa kilabu, maana hawakuwa na pa kwenda, wakasimama mvuani wameachiana nafasi vizuri kabisa.

"Sukumeni basi!"

Meku Filemon, mkubwa wao kwa umri na mwimbaji wa kwaya ya kanisa, alivua kofia. "Tungependa, Melkior. Ila tukilishika wote tutakuwa tumekusanyika."

"Hii ni dharura!"

"Hata kiu ni dharura."

Priska, aliyekuwa akipita na mzigo wa majani kichwani, alicheka mpaka mzigo ukayumba. Kisha akaona watoto wamebandika nyuso kwenye kioo, mdogo analia. Akatua mzigo.

"Baba mkubwa, mpigie mtendaji. Mwambie kilabu kifunguliwe, kila mteja na kikombe chake. Weka sauti kubwa tusikie."

Melkior aliutazama mtaro, akaitazama simu, akapiga. Mtendaji alikubali upesi. Naye alikuwa na kiu. Ndipo wazee wakaja bega kwa bega, wakihemeana shingoni, matairi yakiwamwagia matope. Gari lilipotoka halikusimama. Melkior aliwapungia mkono vioo vikiwa vimefungwa.

Priska alinunua vikombe vya plastiki, akaandika majina kwa rangi ya kucha. Wazee walilalamika kuwa mbege imekuwa na ladha ya dawa. Haikupita wiki wakawa wanapokezana vikombe.

Mwezi Mei, Meku Filemon alishikwa na homa na kifua, akafariki. Kanisani ilitangazwa kuwa ni matatizo ya kupumua, maneno ambayo msimu ule kila mtu alijua kuyatamka na hakuna aliyejua kuyauliza. Mazishi yalijaza kihamba chote, shamba la migomba la ukoo. Ndoo ya kunawia ilikauka kabla jeneza halijafika, na waombolezaji wakaendelea kukumbatiana.

Priska hakujua kama ni kata, ni gari, ni kwaya, au ni uzee tu. Hakuna aliyepima. Alikaa nyuma ya migomba, akaandika, "Pumzika kwa amani, Meku." Kidole kikaongeza lile neno lake, "Je." Akalifuta. Mama alikuwa akimwita: waombolezaji wa kutoka Himo ndiyo kwanza wamefika, hawajala, na mtori wa ndizi unapoa.