Nilitafsiri Uongo, Baba Yangu Akisikiliza

Admin, naomba jina langu usiliweke. Hapa Kisugu wengi wananijua kwa sauti, na sitaki waanze kunijua kwa hili.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na mbili. Kazi yangu ni vijei: nakaa na maikrofoni kwenye kibanda cha video, filamu ya kigeni inaenda, mimi natafsiri wanachosema. Wenzangu wengi wanatafsiri kwa Luganda. Mimi natafsiri Kiswahili kwa sababu wateja wetu ni familia za askari, Wakongo na madereva wa Kenya. Watu wanapenda ninavyochekesha.

Baba yangu alikuwa polisi. Nilipokuwa na miaka kumi na saba, mama akiwa mgonjwa kitandani, baba alileta mwanamke mwingine nyumbani. Nikamwambia ni aibu. Alitoa godoro langu nje, majirani wote wa kambi ya polisi wakiangalia, akasema, "Nenda utafute baba mwingine." Nilienda. Mama alipofariki tulikaa pande mbili za kaburi, hatukusalimiana. Miaka kumi na tano imepita hivyo.

Jumapili moja mchana, mwenye kibanda alileta filamu akidhani ni ya mapigano. Kumbe ni ya mzee mmoja aliyemtelekeza mwanawe, sasa anarudi kwake. Hakuna bunduki. Wamekaa jikoni, kijana anaosha vyombo, amempa mzee mgongo. Watu walianza kunung'unika, na mimi nikawa natafuta cha kuwachekesha.

Hapo ndipo nilipomwona baba. Alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango, dada yangu amemshika mkono. Dada aliwahi kuniambia baba ana mtoto wa jicho, haoni zaidi ya vivuli. Kila alichokijua kuhusu filamu ile kilitoka mdomoni mwangu.

Yule mzee wa filamu alifungua mdomo, maandishi chini ya picha yakasema hivi: "Nilikukosea. Sikuja kudai unisamehe. Nimekuja unione tu." Niliyasoma vizuri kabisa, ndugu zangu. Nikasema kwenye maikrofoni, "Mwanangu, wanawake wote wamenifukuza, nimezeeka, nipe pa kulala!" Kibanda kizima kikacheka. Kijana wa kwenye filamu alikuwa kimya, mimi nikampa sauti: "Nenda utafute mtoto mwingine!"

Baba akasimama. Alipapasa viti, akagonga magoti ya watu, wakawa wanapiga kelele, "Mzee, kaa chini!" Nami nikaongeza, "Mwacheni aende, ukweli unamchoma." Walicheka mpaka wengine wakapiga makofi. Pale mlangoni alikosa ngazi, dada akamdaka.

Nilimaliza kazi kama kawaida. Lakini asubuhi yake niliiangalia filamu ile peke yangu, bila maikrofoni, na nililia kama mtoto.

Jumatano dada alikuja kwangu. Akaniuliza, "Ulijua baba yuko pale?" Nikasema, "Sikumwona." Akaniamini. Akaniambia baba amekuwa akimwomba ampeleke kibandani kila Jumapili, miezi mitatu sasa, wakikaa nyuma gizani. Hakuwahi kwenda kwa ajili ya filamu.

Nilienda kumwona kwenye chumba chake, nyuma ya Kibuli. Alinitambua nilipopiga hodi tu. Akapapasa kiti, akakipangusa kwa mkono, akasema, "Kaa, baba." Mikono yake imekonda. Nilipokaa, akaniuliza, "Ile maneno ya yule mzee, ni filamu ndiyo ilisema, ama ni wewe?"

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Nikasema, "Ni filamu, mzee."

Alishusha pumzi mpaka mabega yakalegea. Akasema, "Mimi nilifikiri ni wewe unaniambia mimi. Mimi kitanda niko nayo. Nilikuja sikia sauti yako tu." Akacheka. Akamwita jirani, mama mmoja wa makamo, akamwambia, "Huyu ndiye kijana yangu, ile ya kutafsiri." Yule mama akanishika mkono kwa mikono miwili, akanishukuru kwa kuja.

Kabla sijaondoka, baba aliniomba kitu kimoja. Alitoka kibandani filamu haijaisha, anataka kujua yule mzee na mwanawe waliishia wapi. Amesema nije nayo Jumamosi, tukae sisi wawili, nimtafsirie polepole tangu mwanzo. Dada ameshaahidi kuleta kompyuta. Nami nilikubali.

Nikisoma yaliyoandikwa, atajua kwamba mwanawe alimtukana mbele ya watu, halafu akamdanganya uso kwa uso. Nikirudia uongo wangu, nitakuwa nimekaa bega kwa bega na baba asiyeona, nikimnyima neno ambalo huenda hata yeye analitafuta aniambie. Kuna jamaa ameniambia niseme kompyuta imeharibika. Lakini ataniuliza tena wiki ijayo, namjua.

Msinionee huruma, nitukaneni mkitaka. Ila mwenye mzazi aliye hai aniambie: Jumamosi, yule mzee akifungua mdomo pale jikoni, nimwambie baba yangu amesema nini?