Koti la Kanisani la Shangazi

Harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, ikinipata sokoni Kisumu, nacheka peke yangu.

Nilikuwa msichana mdogo, nimeenda kijiji cha Usenge, kando ya ziwa, likizo kwa shangazi. Jua lilikuwa kali, nami nilikuwa nimevaa gauni jipya lisilo na mikono, nikajiona mrembo. Shangazi akaniangalia mbele ya wanawake waliokuwa wakianika omena.

"Wewe, ficha hiyo mikono! Minene kama ya mwanaume wa kuvuta nyavu!"

Wakacheka wote. Akanivalisha koti lake la kanisani, zito la sufu, akaniketisha juani nifukuze ndege.

Jasho likanitiririka mgongo mzima. Ndipo nikagundua mfuko wa koti umetoboka. Nikachukua omena mmoja ambaye hajakauka, nikamsukuma kwenye tundu mpaka akaangukia ndani ya bitana. Nikamfuatisha mwingine, na mwingine, hadi pindo lote likajaa. Jioni nikamrudishia koti kwa mikono miwili, nikasema asante.

Jumapili kanisa lilikuwa na joto. Mama mmoja akauliza kwa sauti, "Nani amekuja na omena kwa nyumba ya Mungu?" Benchi letu lote likahama. Tukabaki mimi na shangazi.

Siku hizi hawezi kusimama bila kuinuliwa. Nikienda kumwona navaa gauni lisilo na mikono, hata mvua ikinyesha.

"Shika hapa, Shangazi."

Anaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, na bado vidole vyake havikutani.