Wimbo wa Mapasa Uliotoboa Siri

Mdogo wangu alipobeba mimba yake ya kwanza, tumbo lilikua upesi hata wanawake wa mtaa wakaanza kulitazama kwa pembeni. Alikuwa akikaa na mume wake nyuma ya ua wetu, hapa Kamina, kusini mwa Kongo, na haukupita muda bila kuniletea gauni lilelile nilifumue ubavuni niongeze kitambaa. Mimi ni mshonaji. Mashine yangu iko barazani, na binti yangu, wakati ule akiwa na miaka sita, alipenda kukaa chini ya meza akiokota vipande. Kutoka kule chini alikuwa anaona mambo yote.

"Mama," akaniuliza asubuhi moja, "juu ya nini unapanua tena robe ya mama mudogo?"

"Juu anakula sana bukari," nikamjibu bila kuinua macho.

Lilikuwa jibu lililokuwa karibu na mdomo, nikalitoa, nikaendelea kushona. Jioni nilipotenga chakula, mtoto akasukuma bukari, ule ugali wetu, pembeni, akala sombe ya majani ya mihogo na samaki peke yake. Kesho yake vilevile. Mdogo wake wa kiume, ambaye humwiga kila kitu, naye akakataa. Watoto wa Kamina kukataa bukari! Nilifikiri ni minyoo. Nilikuwa natafuta dawa wakati mama mkwe wangu, tunayeishi naye, alipomkalisha mjukuu wake kwenye mkeka akamuuliza taratibu ana nini.

"Sitaki tumbo yangu ipasule robe," mtoto akasema.

Mama mkwe akanigeukia. Nilijua natakiwa kutengeneza nilichoharibu. Nikamwambia binti yangu si bukari, ni ugonjwa mdogo wa tumbo, na mama mudogo akienda maternité, hospitali ya wazazi, kutibiwa, atarudi amenunua mtoto. Watoto wote wananunuliwa kule. Akafikiri sana, kisha akanyoosha kidole kwa mdogo wake aliyekuwa amekaa uchi kwenye mchanga.

"Sasa kama banauzisha batoto, juu ya nini mulichagula huyu?"

Nilikuwa nimefanya tu kama nilivyofanyiwa. Nilipokuwa mdogo na kumuuliza mama yangu swali hilohilo, aliniambia mimi nilishushwa kwenye treni iliyotoka Kabongo. Nilisadiki kabisa. Nilikuwa nakwenda na wenzangu mpaka stesheni, tunasimama karibu na reli tukitazama wanawake wakishusha magunia ya mihogo, kuku waliofungwa miguu, vitanda, baiskeli. Mtoto wa kugawiwa watu sikumwona hata mmoja. Mwisho nikaamua kwamba treni ya watoto ni ile inayochelewa.

Nikamwendea mume wangu. Yeye ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari, na nimemwona akichora mimba ubaoni, na kitovu, na kila kitu, bila aibu yoyote. Nikamwambia, kazi hii ni yako.

"Hapana," akasema. "Bale banafunzi banaandikaka. Huyu anauliza."

Basi tukaliacha hivyo, na bukari ikaliwa, mpaka siku mdogo wangu alipojifungua. Walikuwa wawili, mvulana na msichana, wazima wote, na mama yao mzima.

Kwetu Waluba, mapacha tunawaita mapasa, na kuzaliwa kwao si kama kuzaliwa kwa mtoto mwingine. Habari ilipofika mtaani, wanawake walikuja na majani mikononi na udongo mweupe usoni, wakacheza wakizunguka nyumba. Na waliimba. Nyimbo za mapasa haziogopi mtu. Zinamtukana baba, zinamtukana mama, zinataja sehemu zote za mwili kwa majina yake, na zinaeleza waziwazi watoto wale wamepatikanaje na wametokea wapi. Ukiziimba siku nyingine utapigwa kofi. Siku hiyo ni heshima, na asiyetukanwa ndiye anayesikitika.

Zinaimbwa kwa Kiluba. Nyumbani tunasema Kiswahili na watoto, shuleni wanafundishwa Kifaransa, kwa hiyo nilikuwa nimetulia. Nilikuwa nimesahau kwamba binti yangu analala chumba kimoja na nkambo wake, na kwamba Kiluba chote cha bibi huyo kilikuwa kimeshaingia kichwani mwake. Na aliyekuwa anaongoza nyimbo ni nani? Mama mkwe wangu, anayeongoza rozari katika jumuiya yetu, sasa kajifunga kitambaa kiunoni, sauti juu, anasema maneno ambayo sikujua kwamba anayajua.

Nilimwona binti yangu amesimama kati ya wanawake, majani mkononi, hachezi. Kisha akaja moja kwa moja kwangu.

"Nkambo anaimba asema mapasa balitoka ku..." Akalitaja lile neno, kwa Kiluba safi, kwa sauti ya mtoto anayesoma mbele ya darasa. "Na weye ulisema banabanunuaka ku maternité. Nani anasema bongo, nkambo ao weye?"

Wanawake waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Nikamshika mkono, nikamwingiza chumbani kwa mdogo wangu, aliyekuwa amelala na wale wawili ubavuni. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Nkambo hasemi bongo," nikamwambia, nikikiri uongo wangu. "Minyi njo nilisema bongo. Batoto habanunuliwake. Mutoto anakomalia mu tumbo ya mama yake, mu nyumba kidogo iko mule ndani. Wakati inafika, anatokea hapa chini, mu njia ya bamama. Na weye ulitokea vile."

Alinitazama, akamtazama mama mudogo wake. "Inaumizaka?"

"Inaumiza," mdogo wangu akasema. "Kisha unamuona, unafurahi."

"Na minyi niliumiza weye, mama?"

"Sana. Ulikuwa na kichwa kikubwa."

Hapo akacheka, akajishika kichwa. Mdogo wangu akamruhusu aweke mkono juu ya tumbo lililokuwa limelegea. Akaligusa taratibu, kama anagusa mtu aliyelala.

"Nyumba inabakia bule," akasema. Kisha, "Na balingia namna gani?"

"Ile utauliza baba yako," nikajibu haraka.

Akamuuliza jioni, mbele ya sahani, mbele ya nkambo wake. Mume wangu aliweka tonge chini. Nilifikiri atakimbia tena, lakini alifuta vidole, akamgeukia mtoto, akamjibu polepole.

"Bantu bakubwa bakipendana, baba anaweka mbegu yake mu tumbo ya mama. Ile mbegu njo inakomea, inakuwa mutoto."

"Mbegu ya mahindi?" mwanetu mdogo akauliza.

"Hapana, mwana. Mbegu ya bantu."

Binti yangu alitafuna huku anafikiri. "Kumbe na baba alitumika kazi."

"Kidogo sana," akasema mama mkwe, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kikwembe. Mume wangu akacheka naye, na mimi nikaona mzigo umenitoka.

Siku iliyofuata mama jirani yetu alisimama mlangoni. Ukoo wake ulitoka Maniema zamani kwa njia ya biashara. Ni Waislamu, wanauza vitambaa sokoni, na binti zake wawili wanacheza na wangu kila siku. Nikaelewa mara moja.

"Mama, mtoto wako ametoa masomo kwangu jana," akasema.

Nikaanza kuomba samahani. Akainua mkono.

"Sikuja kugombana. Mimi nilikuwa nimewaambia wangu kwamba malaika njo analeta watoto. Sasa wananiuliza malaika anapitia wapi. Nieleze ulisema namna gani, nisije nikasema tofauti."

Nikamvutia kiti. Nikamsimulia neno kwa neno, naye akarudia nyuma yangu, akikwama palepale nilipokwama mimi, akifunika mdomo kwa mtandio. Tulitafuta neno la kufaa. La Kiluba lilikuwa kali, la Kifaransa lilinuka dawa. Mwisho tukabaki na "njia ya mama", na yeye akalisema mara kadhaa mpaka likakaa vizuri mdomoni. Tukazungumza pia juu ya mama zetu, na jinsi hakuna aliyetuambia kitu mpaka siku ya kuolewa, na hata siku hiyo kwa mafumbo. Alipoondoka jua lilikuwa limeshapinda. Baadaye nikamsikia, upande wa pili wa ukuta, anawaita binti zake waje wakae karibu naye. Nikasimamisha mashine nisikie.