Wimbo Nilioukatiza

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote za utotoni ni ya sarafu ikidondoka kwenye beseni la bati. Huko Sori, kando ya ziwa, nilikokulia katika miaka ya tisini, sauti hiyo iliyanyamazisha magitaa. Popote muziki ulipopigwa, beseni liliwekwa chini mbele ya wanamuziki. Aliyetaka kujisifu au kumsifu rafiki yake alitupa sarafu, na papo hapo magitaa yakakoma, hata kama wimbo ulikuwa umefika patamu. Naye akasimama akasema aliyo nayo: jina lake, kijiji cha mama yake, ng'ombe alionao na wengine ambao hakuwahi kuwa nao. Wanamuziki walimjibu kwa neno la heshima, watu wakacheka, wanawake wakapiga vigelegele, kisha wimbo ukaendelea pale ulipoachwa. Sisi Wajaluo desturi hiyo tunaiita pakruok. Wageni waliona ni fujo tupu. Kwetu, wimbo ambao hakuna aliyeusimamisha ulikuwa wimbo ambao hakuna aliyeupenda.

Wapigaji wetu walikuwa watatu. Gitaa la solo lilikuwa la mjomba wangu Ochieng', kitinda mimba wa nyanya yangu wa kisiwani Takawiri, aliyekuja Sori kutengeneza mashine za boti na ambaye vidole vyake vilinuka petroli hata siku ya Jumapili. Oduor alipiga ridhim. Chacha, Mkuria aliyekuja mara moja kununua samaki akanogewa asirudi kwao, alipiga besi. Kwa kuwa Chacha hakujua Kijaluo, watatu hao waligombana kwa Kiswahili, na sehemu kubwa ya Kiswahili changu niliiokota hapo, pamoja na maneno fulani yaliyonipatia viboko shuleni. Kila Jumapili alasiri walipiga nyuma ya hoteli ya chai, karibu na mahali pa kuanikia omena, wale dagaa wa ziwani, kwa hivyo hadi leo nikisikia harufu ya omena nakaa mkao wa kungoja gitaa lianze. Spika yao iliendeshwa kwa betri ya gari iliyopelekwa Migori mjini kuchajiwa. Baba yangu, Msabato wa Kendu Bay, hakupenda magitaa hata kidogo. Lakini mama alipojifunga leso yake nzuri na kunishika mkono, baba aligeuka akautazama ukuta wa duka lake kana kwamba umeandikwa habari muhimu.

Mwaka mmoja, mwalimu wa sekondari alirudi kutoka masomoni ng'ambo akiwa na kanda ya Wamarekani weusi watatu, magitaa matupu, wakipiga muziki wa polepole ambao mwalimu aliuita bluzi. Mjomba alisikia wimbo mmoja tu, akaomba aazimwe kanda. Kwa wiki nyingi aliisikiliza katika kibanda chake cha mashine, akiirudisha nyuma, akijaribu kwenye gitaa, akiirudisha tena. Siku mjomba na wenzake walipoupiga hadharani kwa mara ya kwanza, watu waliacha kucheza. Wimbo haukuwa na haraka ya nyimbo zetu. Gitaa la mjomba lilipanda, likasita, likawa kama mtu anayejizuia kulia mbele ya watu, kisha likajiachilia. Akina mama waliokuwa wakigeuza omena waliacha kazi wakaja kusimama kwenye ua. Tangu hapo watu walikuja kutoka mbali, wengine hata Homa Bay, kwa ajili ya wimbo huo mmoja. Maneno yake hakuna aliyeyaelewa, na Oduor aliyekuwa akiyaimba ndiye aliyeyaelewa kidogo kuliko wote. Mvuvi mmoja aliapa kwamba ni kisa cha mtu aliyeibiwa nyavu. Mama alisema ni mzazi anayemngoja mtoto. Mwalimu alipoeleza kwamba ni mwanamume tu aliyeachwa na mke, na mke mwenyewe akapanda garimoshi, alizomewa, maana garimoshi halijawahi kufika Sori. Na kila mjomba alipoingia katika ile sehemu yake ya peke yake, aliyoitunga mwenyewe na ambayo haikuwamo kwenye kanda ya Wamarekani, sarafu zililia kwenye beseni. Mapenzi ya watu yaliikata vipande vipande kila Jumapili. Nzima niliisikia mimi tu, kule kibandani, nikiwa nimekaa juu ya debe.

Sifa zikamfikia mwenye duka moja la kanda mjini Homa Bay. Akatuma neno: mrekodi wimbo huo mniletee, nikiridhika nitawapeleka studio Kisumu. Mwalimu alikuwa na redio kaseti ya kurekodi, na Jumapili moja alikuwa na safari ya Homa Bay jioni. Nakumbuka mjomba akimwambia mama jikoni kwetu, chai ikimpoa mkononi, “Dada, mashine nikitengeneza, inaharibika tena. Nataka kitu moja yangu ibaki.” Mama alimwambia aache maneno ya kizee, anywe chai.

Jumapili ilipofika, uwanja ulijaa mapema. Mjomba alisimama mbele ya watu, shati lake limepigwa pasi. “Watu wetu, leo nawaomba. Hakuna kusimamisha muziki. Mkitaka kujisifu, ngojeni tumalize, mtajisifu mpaka mchoke.” Watu wakacheka, wakakubali. Chacha alitaka beseni liondolewe kabisa. “Toa hiyo kitu,” alisema. “Mimi nikisikia pesa imelia, mkono inasimama yenyewe.” Mjomba akakataa. Alisema beseni likiondolewa wapenzi wao wataona wamefukuzwa. Basi likabaki.

Niliyasikia maneno hayo yote, na siwezi kujidanganya kwamba sikuelewa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na mkononi nilikuwa na shilingi moja iliyolowa jasho. Mtoto hakuwa na nafasi ya kusimama akasifu mbele ya watu wazima, sembuse msichana, na mimi nilikuwa nimeitamani nafasi hiyo muda mrefu. Nilijiambia kwamba katazo lile ni la wanaojisifu wenyewe, na mimi sijisifu, namsifu yeye. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka sauti yangu nayo ifike Homa Bay. Mwalimu akabonyeza, wimbo ukaanza, na watu walitulia kuliko nilivyowahi kuwaona. Mjomba akaingia katika sehemu yake, akapanda, akasita pale pa kusita. Nikatupa shilingi.

Mkono wa Chacha ulisimama, kisha wa Oduor, kisha wa mjomba. Nyuso zote zikanigeukia, na hapo hata kukimbia sikuweza. Nikapaza sauti, na kwa Kiswahili, kwa sababu nilidhani watu wa studio husikiliza Kiswahili: “Mimi ni Atieno, nyar Sori, binti wa Sori! Mjomba wangu ni Ochieng' wa Takawiri! Gitaa yake ikilia, samaki wanatoka kwa maji kusikiza!” Watu walijisahau, wakacheka na kupiga vigelegele. Mama aliziba mdomo kwa leso. Mjomba alinijibu maneno machache, kama desturi inavyodai, na mwalimu akazima redio kaseti wajipange upya. Walipoanza tena, spika ilikoroma, ikafifia, ikanyamaza. Betri ya gari ilikuwa imekwisha. Mwalimu aliangalia saa, akaichukua kanda ile ile na kwenda nayo, na baada ya siku chache ikarudi na ujumbe: gitaa ni zuri sana, leteni nyingine isiyo na mtoto.

Haikupatikana nyingine. Wiki hiyo hiyo Chacha aliitwa kwao Kuria, tumbaku ya baba yake ilikuwa tayari kukaushwa na mzee hakuwa na mikono mingine. Mjomba alisema bila Chacha hapigi, tutamngoja. Akiwa anangoja, akaanza kukohoa, kisha kukonda. Miaka ile watu wengi wa ziwani walikonda, na ugonjwa haukutajwa jina; tulisema malaria, tulisema amerogwa, tulisema hewa ya petroli. Chacha alirudi siku tuliyomvusha mjomba kwa boti hadi Takawiri kumzika.

Huko matangani waliipiga kanda ile kwa kipaza sauti, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwepo. Gitaa lilipanda, likasita, sarafu ikalia, na juu ya kisiwa kizima ikatoka sauti yangu nyembamba ikijitangaza. Mtu mmoja akaizima haraka kwa aibu. Hakuna aliyenigombeza, nami ningeshukuru kama wangenipiga. Chacha ndiye aliyekuja kukaa kando yangu kwenye nyasi. “Si wewe,” aliniambia. “Ni mkono yangu ilisimama.” Alikuwa akilia waziwazi, mtu mzima yule, na sijui kama aliwahi kugusa gitaa tena.

Siku hizi naishi Homa Bay mjini, na bendi zinapiga katika hoteli za ufukweni. Mashabiki huinua simu zao juu, wanarekodi wimbo wote bila kumkatiza mtu, na kesho yake wameusahau. Zamani nilikuwa nawacheka, nikisema hawajui kupenda muziki, maana hawana hata neno la kumwambia mpigaji. Sasa nawaonea wivu. Mpwa wangu ana video ya mbwa wetu akipiga miayo, ndefu kuliko kila kitu kilichobaki cha mjomba. Mara nyingine nikiwa peke yangu najaribu kuimba kwa mdomo ile sehemu niliyoisikia nzima pale juu ya debe. Naweza kupanda nayo, naweza kusita. Baada ya hapo sipati kitu, na hakuna mtu mwingine duniani ninayeweza kumwuliza.

Kanda aliitunza mama, na kijana mmoja mjini amenihamishia kwenye simu. Siisikilizi mara nyingi. Gitaa linapanda, linasita, shilingi inalia, naropoka, vigelegele vinapigwa. Kisha, kwa kuwa matangani waliizima kabla ya hapo, linakuja jambo ambalo ni mimi na mama tu tuliowahi kulisikia tena. Mjomba anacheka kidogo, ananiita okewa, yaani mtoto wa dada yake. “Asante, okewa, umenisifu vizuri,” anasema. “Wacha kuogopa. Wimbo haitoroki. Tutapiga tena.” Halafu mwalimu anabonyeza, na inakatika.