Nyigu wa Miforsadi

Nilipokuwa mtoto, kwetu pembezoni mwa Songea, mama alichoka na tumbaku. Soko huria lilikuwa limeingia, wanunuzi wanakuja wanapojisikia, naye akageukia wadudu wa hariri. Aliwafuga uani juu ya chanja za mianzi. Sisi watoto tuliwachumia majani ya miforsadi, maana hawali kitu kingine.

Nyigu walijenga kwenye miforsadi hiyo, wakatuuma. Mama akafunga nyasi kavu kwenye ncha ya ufito mrefu ili awachome. Bibi, mama yake baba, akamzuia.

"Mwanangu, nyigu hawachomwi. Hao wageni wa mahoka. Ukiwafukuza, shamba nalo litakukimbia."

Mahoka ni mizimu yetu Wangoni. Mama alikuwa mtu wa jumuiya na rozari. "Mama, watoto wanaumia," alijibu kwa adabu, kisha akachoma viota vyote.

Msimu huo mvua zilikatika mapema. Jua likawaka, na viwavi wadogo wa kijani wakajaa, wakayakunja majani na kuyala wakiwa wamejificha ndani. Wadudu wetu walikuwa karibu kusokota hariri, wakati wanapokula bila kupumzika. Wakafa njaa mbele ya macho yetu. Harufu ile sijaisahau.

Mtu mwenye akili zake angesema Bibi alionya. Jirani yetu akasema vingine: "Alijuaje, kama si yeye aliyewatuma hao viwavi?" Neno hilo likamwingia mama. Akaacha kula chakula alichopika Bibi, na baba, ambaye kukataa hakukujua, akampandisha mama yake basi la Namtumbo, aende kwa shangazi kule Lusewa.

"Msaidie mama yako," Bibi aliniambia dirishani.

Mvua ziliporudi, ziliwaangusha viwavi na miforsadi ikachipua. Nyigu nao wakajenga tena. Siku moja mama alisimama akiwatazama wanavyobeba viwavi kuwapelekea watoto wao. Nilijua ameelewa. Nikangoja atume mtu Lusewa.

Hakutuma. Tulikwenda Lusewa kumzika Bibi, na mama alilia kuliko wote, watu wakamsifu kwa kumpenda mkwe wake. Nilimkasirikia, na bado namkasirikia kidogo, ingawa najua ni aibu iliyomfunga mdomo. Kumwondoa Bibi kulitaka neno la jirani tu. Kumrudisha kulimtaka mama aseme "nimekosa", na neno hilo alikuja kulisema kaburini tu.