Mguu Uliopinda

Mimi nina ugonjwa wa kuuliza. Mteja akileta pete ya marehemu bibi yake, nataka kujua huyo bibi alikuwa mkali au mpole, na pete aliivaa kidole gani. Mjomba wangu, aliyenifundisha usonara, alikuwa akiniambia, "We mtoto, fua fedha, acha umbea." Fedha nikaifua, umbea sikuuacha. Mpaka leo banda langu hapa Mkata, nyuma ya maduka yanayotazama barabara ya mabasi, linajulikana kwa hayo: mikufu yangu ni imara, na ukiingia hutoki bila kusema habari za kwenu.

Siku moja ya gulio akaingia mama wa Kimaasai, shanga zimemjaa shingoni mpaka mabegani. Alitaka mkufu wa fedha kwa ajili ya binti yake, aliyekuwa anaondoka kwenda kusomea ualimu Korogwe. Nikacheka, nikamwita mama kwa Kimaasai:

"Yeyo, na shanga zote hizo mlizo nazo, fedha ya nini?"

"Uzi unakatika," akasema.

Nikamuuliza anataka kidani gani cha kuning'inia kwenye mkufu. Moyo? Nyota? Herufi ya jina la binti? Wasichana wa siku hizi wanapenda sana herufi. Akaokota kijiti, akainama mlangoni, akachora kwenye vumbi: duara, na chini yake miguu miwili.

"Nini hii?"

"Alama ya ng'ombe wetu."

Weee! Hapo nyundo nikaiweka chini. Nimezaliwa Handeni, nimewaona ng'ombe wa Wamaasai wakipita maisha yangu yote, na michoro ile ya kuchomwa ubavuni nilikuwa nadhani ni mapambo tu. Nikamvutia kigoda, nikaanza kumchimba. Akaniambia kila boma lina alama yake, na chuma chake cha kuichomea. Ng'ombe akipotea, akaingia kwenye kundi la mtu mwingine, yule mtu anaisoma alama na kumrudisha.

"Na ng'ombe wenu wako wapi?"

Akatazama barabarani. Ukame ule mbaya uliwamaliza, akasema. Mume wake aliwahamisha kutafuta majani, wengine wakafia njiani, wengine wakatawanyika. Mume mwenyewe alirudi na fimbo yake tu, na haukupita muda mrefu naye akafariki. Boma likabaki na chuma cha kuchomea, ng'ombe wa kuchomwa hakuna.

"Sasa nimebaki na binti," akasema. "Anakwenda mbali. Akipotea, watu wamjue ni wa wapi."

Jamani, nilishindwa hata kuuliza swali lingine, na mimi kushindwa kuuliza si jambo dogo.

Nilianza kazi siku ileile. Nilikuwa na bangili kuukuu za fedha, nikaziyeyusha, nikavuta waya, nikauzungusha kwenye msumari na kukata pete ndogondogo za mkufu. Kisha nikaja kwenye kidani. Ule mchoro wa vumbini ulikuwa na kasoro: mguu wa kulia ulikuwa mfupi na umepinda nje kidogo. Nikatazama mlangoni, nikaona kokoto palepale kijiti kilipopita. Nikajisemea, masikini, kijiti kimeteleza. Nikainyoosha miguu yote miwili, ikalingana sawasawa. Nikakichemsha kidani kwenye maji ya ndimu na chumvi, kikatoka cheupe, kinapendeza. Nilijisifu peke yangu bandani kama kichaa.

Mama alipokuja kuchukua alifuatana na binti mwenyewe, msichana mrefu, simu mkononi.

"Shikamoo, mama," binti akaniamkia.

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone ulivyotengenezewa."

Mama akakipokea kidani. Akakigeuza. Akafumba macho, akakipapasa kwa kidole gumba, na uso wake ukabadilika.

"Hii si yetu."

"Si yenu vipi? Si ndiyo uliyoichora?"

"Miguu iliyonyooka ni ya kwa kaka yake mume wangu. Walipogawana zizi, baba yao akapinda mguu mmoja kwenye chuma chetu, ng'ombe wasichanganyike. Ukimvalisha hii mwanangu, umemhamisha boma."

Nilinywea. Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi, mbea wa Mkata nzima, niliuliza yote isipokuwa lile moja la kuuliza: mguu huu mbona umepinda? Kokoto nililiona, nikaliamini kuliko mkono wa mama wa watu.

Binti akaona mwanya. "Mama, si uache tu? Mimi si ng'ombe. Chuoni watanicheka."

"Ng'ombe akipotea anarudishwa," mama akasema bila kumtazama. "Wewe Korogwe atakurudisha nani?"

Nikamwomba mama aniletee kile chuma chenyewe. Akakileta gulio lililofuata, amekifunga kwenye kipande cha shuka kama mtoto mchanga. Nikakigandamiza kwenye udongo mbichi, nikainama kutazama. Mguu haukupinda polepole. Ulivunjika ghafla, kama goti. Baba mkwe wake alikuwa ameukunja kwa pigo moja tu. Nikapasha fedha moto ikalegea, nikaupunguza ule mguu, nikaukunja kwa pigo moja na mimi.

Mama akafumba tena macho, akapapasa. Akamvalisha binti yake mbele yangu, na binti akakificha kidani ndani ya blauzi.

Nikadhani yameishia hapo. Kumbe!

Wakati wa likizo yule msichana akaingia bandani anahema, kidani kiko nje, kinang'aa kifuani.

"Mama fundi, hutaamini."

Alikuwa sokoni Korogwe, akainama kuchagua nyanya, mkufu ukachomoka. Mzee mmoja wa Kimaasai, muuza dawa za miti shamba, akamkodolea macho kifuani. Binti akakasirika, akamwambia, "Mzee, heshima yako!" Mzee hata hakumsikia. Aliuliza tu, "Huo mguu, umepinda kweli au umeharibika?"

Kwenye kundi la mzee huyo kulikuwa na jike mmoja aliyeingia mwaka ule wa ukame, mweusi, ana baka jeupe pajani na alama hiyohiyo ubavuni. Hakumuuza wala hakumchinja. Kila alikopita aliuliza ni wa nani, na huko aliko hakuna aliyeijua alama ile, mpaka alipoiona kifuani kwa binti; sasa kamleta kwao.

Sasa mimi ningebaki bandani kweli? Nilifunga duka, nikamfuata binti mpaka kwao, porini huko nje ya Mkata, kumwona huyo ng'ombe kwa macho yangu. Amerudi na ndama pembeni, dume, mkorofi, hajui lolote. Kuchoma alama ni kazi ya wanaume, lakini boma lile halina mwanamume, na mama alikataa kuazima. Chuma kilikuwa motoni, kimekuwa chekundu. Binti alimkumbatia ndama shingoni, akamlaza, akamkalia, blauzi yote vumbi. Yuleyule aliyesema yeye si ng'ombe.

"Shika vizuri mdogo wako," mama akamwambia.

Akakichomoa chuma motoni. Akasimama kidogo, akanitazama mimi niliyekuwa nimesogea karibu mno, shingo nimeinyoosha nisipitwe na kitu.

"Fundi, rudi nyuma," akasema. "Usije ukanyoosha na huu."

Nilicheka huku machozi yananitoka, nikarudi nyuma.