Kicheko Kwenye Simu ya Dereva

Chumbani kwetu Muaither, huku Uarabuni, nililala na Wasudani wawili. Mmoja alikuwa dereva wa basi letu la kazini, mtu wa Khartoum. Mwingine, wa Darfur, alikuwa mlinzi kama mimi. Tulishika geti moja kule Lusail. Kila Ijumaa baada ya sala walipika maharage, wakamimina mafuta ya ufuta juu, tukala sinia moja. Kiarabu changu cha chuoni Unguja kiliwachekesha sana.

Vita vilipoanza kwao, jeshi likipigana na wanamgambo ambao wengi wao ni watu wa Darfur, hakuna aliyegombana. Mwanzoni walitazama habari pamoja. Kisha mlinzi akawa anatoka nje kila simu yake ilipoita. Zamani mtu akiwauliza wanatoka wapi, wote walijibu Sudan. Sasa kila mmoja alitaja mji wake. Siku moja nikaona mlinzi kanunua sufuria na birika, anavifungia kabatini.

"Mbona unakula peke yako?" nikamuuliza getini.

"Tumbo linanisumbua," akasema bila kunitazama.

Dereva naye akanivuta pembeni. "Wewe unashinda naye. Anaongea na nani?"

"Na mama yake."

"Mtu anajificha nyuma ya matangi ya maji ili aongee na mama yake?"

Nilikasirika, lakini neno lile likanikaa kichwani. Tangu hapo simu ya mlinzi ikilia, nilitega sikio.

Kisha dereva akatumiwa video. Nyumba ya wazazi wake ilikuwa imevunjwa mlango, wanamgambo wanatoa friji na magodoro. Aliyekuwa akirekodi haonekani, anasikika tu akicheka. Dereva akairudia na kuirudia.

"Huyu anayecheka ni mdogo wake," akaniambia, akimwonyesha mlinzi kwa kidevu. "Umeshamsikia kwenye simu. Sema."

Mlinzi alikuwa amekaa kitandani, soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Wote wawili wakaningoja. Ni kweli nilimjua yule mdogo. Kila nilipomsalimia kwenye simu ya kaka yake getini, kwa Kiarabu changu, alicheka. Nikasikiliza tena. Kulikuwa na kitu kinachofanana. Pengine lafudhi tu.

"Sijui," nikasema.

Dereva akaona namficha mwenzangu. Mlinzi akaona nimemuuza, maana rafiki angesema siye. Akaomba kuhamishwa, akapelekwa nyumba nyingine Al Rayyan, na geti lake likabadilishwa pia.

Miezi ilipita kabla hatujapangwa tena zamu moja. Alinisalimia kwa adabu, kama mgeni. Halafu, bila kuulizwa, akapiga simu ya video, akanigeuzia kioo. Mdogo wake alikuwa amekaa mbele ya hema, amekonda, mashavu yameingia ndani. Yuko kambi ya wakimbizi Chad, mlinzi akasema, alivuka mpaka kabla nyumba ile haijavunjwa. Nikamsalimia. Safari hii hakucheka.

Jioni nikamweleza dereva. Alinisikiliza huku akifuta kioo cha basi.

"Nani kakwambia yuko Chad?"

"Nimemwona mwenyewe."

"Umeona hema, ndugu yangu. Hema liko kila mahali."

Nikapanda, nikakaa kiti cha nyuma. Mpaka tunafika Muaither nilikuwa najaribu kukumbuka kama nyuma ya lile hema niliona kitu kingine chochote.